Namna ya kuomba fedha za Serikali kwa utafiti wa kompyuta na sayansi ukiwa Dodoma

Mwongozo huu ni wa mhadhiri msaidizi, mtafiti wa taasisi au mbunifu aliyeko Dodoma, Singida, Mpwapwa au Kondoa, mwenye wazo la utafiti wa kompyuta au sayansi na anayetaka fedha za umma zimsaidie kulifanyia kazi. Wenye maabara kubwa na wahasibu wa miradi hawauhitaji. Namfikiria yule ambaye andiko lake la kwanza lilirudi na sentensi moja ya kukataliwa, kisha akaambiwa kijiweni kwamba fedha za utafiti zina wenyewe.

Fedha hizo zina kalenda, zina fungu (namba ya bajeti ya wizara) na kasma (kifungu cha matumizi ndani yake), na zina ofisi inayopaswa kulitetea wazo lako mbele ya watu wasiojua algoriti ni nini. Maandiko ya kompyuta yana ugonjwa mmoja unaojirudia: yanaanza na teknolojia, halafu yanatafuta tatizo la kuibandika. Fedha za umma hutolewa ili kuondoa tatizo la mtu fulani au ofisi fulani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumpata mwenye tatizo, na aliyeko Dodoma ana nafasi nzuri, maana wengi wao anawafikia kwa daladala.

Hatua ya 1: Jua fedha ziko wapi

Mlango mkuu ni Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986 kuchukua nafasi ya Baraza la Taifa la Utafiti wa Sayansi, UTAFITI, lililoanza 1968. COSTECH iko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na ndiyo inayosimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, MTUSATE. Ruzuku za mfuko huu hutolewa kwa ushindani: wito unatangazwa, maandiko yanapokelewa, wataalamu wanayapitia. Wito mwingine COSTECH huutoa kwa pamoja na mabaraza ya nchi nyingine za Afrika kupitia SGCI, mpango wa kuimarisha mabaraza ya utafiti Afrika, ulioanza 2015. Huo hudai timu yenye watafiti wa nchi zaidi ya moja.

Mlango wa pili watu huupita bila kuuona: bajeti za taasisi za utafiti zenyewe. Dodoma ina vituo viwili vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI: Makutupora kinachoshughulika na zabibu na Hombolo chenye mtama na uwele. Ina pia Mpwapwa ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, yenye makao makuu mjini hapa. Taasisi hizi zina kazi zilizokwishaidhinishwa, na nyingi kati ya kazi hizo zinahitaji mtu wa data. Ukiingia kama mshirika, huombi fedha mpya. Unaongeza nguvu kwenye fedha zilizopo, na hilo ni rahisi zaidi kukubaliwa.

Kwa mifumo ya Serikali, Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, ina kituo chake cha utafiti na ubunifu hapa jijini, ambako vijana wa vyuo hupata nafasi ya kufanyia kazi matatizo halisi ya taasisi za umma. Mbunifu asiye na chuo nyuma yake aangalie MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019. Yana kundi la washiriki wa mfumo usio rasmi, kwa hiyo fundi wa mtaani hashindanishwi na profesa.

Vyuo vikuu vya umma vina pia HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza 2021. Sehemu kubwa imekwenda kwenye majengo, maabara, mitaala na kusomesha wahadhiri. Muulize mratibu wa mradi chuoni kwako ni vifaa gani vimenunuliwa. Maabara iliyokwishalipiwa huna haja ya kuiombea fedha tena.

Halafu kuna fedha za serikali za nje zinazotua hapa. Maabara ya AI4D (akili unde kwa maendeleo) iliyoko Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, imefadhiliwa na IDRC, kituo cha Canada cha utafiti wa maendeleo, na Sida, shirika la misaada la Sweden. Hizo pia ni kodi za wananchi, wa kwao, na zina masharti ya uwajibikaji kama za kwetu.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, wenye ofisi zake hapahapa Dodoma, kazi yake ni kupeleka mawasiliano kusikofika kampuni za simu. Hautoi ruzuku ya utafiti. Bodi ya Mikopo nayo ni ya ada na matumizi ya mwanafunzi. Usipoteze miezi mlango usio wako.

Hatua ya 2: Ifuate kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti hutoka Hazina miezi ya mwisho ya mwaka, taasisi zinapanga kati ya Desemba na Machi, Bunge la bajeti linakaa hapa Dodoma kuanzia Aprili, na bajeti kuu inasomwa katikati ya Juni.

Maana yake kwako ni hii. Ukimfuata mkurugenzi wa taasisi mwezi Mei na wazo zuri, atakusikiliza vizuri na hatakuwa na la kufanya, kwa sababu vitabu vimeshafungwa. Ukimfuata Oktoba, bado anatafuta cha kuandika kwenye mpango wa mwaka ujao. Wazo lilelile, mtu yuleyule, majibu mawili tofauti.

Bajeti ikisomwa, tafuta hotuba ya Waziri wa Elimu na vitabu vya bajeti, vyote huwekwa wazi. Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ni Fungu 46. Juzuu ya nne ndiyo yenye miradi ya maendeleo. Keti nayo jioni moja. Utaona ni miradi gani ya sayansi imepewa fedha, za ndani ni kiasi gani na za nje ni kiasi gani, na utajua maneno ambayo Serikali yenyewe inayatumia kuieleza miradi hiyo. Maneno hayo yatakufaa hatua ya nne. Angalia pia mafungu ya Kilimo, Mifugo, Maji, Madini na wizara inayohusika na mawasiliano, kwa sababu utafiti wa kompyuta mara nyingi unalipiwa na wizara ya mwenye tatizo.

Ipo kalenda nyingine inayosahaulika: ya mvua. Kanda ya kati ina msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili. Ukihitaji picha za mtama shambani na fedha zikaingia Mei, utasubiri hadi mwaka mwingine huku muda wa mradi unakwenda. Zabibu zina nafuu kwa kuwa Dodoma huvunwa mara mbili, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Weka misimu hii kwenye mpango kazi tangu mwanzo, na useme wazi fedha zikichelewa kwa miezi mitatu utafanya nini. Mpitiaji anayeijua nchi hii atakuheshimu kwa sentensi hiyo moja.

Hatua ya 3: Mtafute mwenye tatizo, akuandikie barua

Hapa ndipo nakuomba utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Nenda viwanja vya Nanenane Nzuguni siku za mwanzo wa Agosti. Wengi huenda kuangalia ng'ombe na kununua miche, lakini kwa mtafiti ile ni wiki ambayo TARI, TALIRI, halmashauri na wakulima wenyewe wamekaa kwenye mabanda wakisubiri kuulizwa. Nenda siku za kazi asubuhi, kabla watu hawajajaa. Acha kompyuta nyumbani, chukua daftari. Uliza swali moja: "Ni jambo gani mnalifanya kwa mkono, au kwa kukisia, ambalo likikosewa linawagharimu?" Kisha nyamaza uandike.

Tuseme mtaalamu wa zabibu amekwambia shida yake ni ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Mkulima wa Mpunguzi au Hombolo anaona majani yamebadilika, hajui ni ugonjwa upi, anapuliza dawa aliyonayo. Afisa ugani ana kata nzima na pikipiki moja. Akifika, ugonjwa umeshaenea. Sasa una mwenye tatizo, ambaye ni mkulima. Una mwenye dhamana ya tatizo, yaani halmashauri na TARI. Na una hasara inayoweza kupimwa: dawa iliyopulizwa bure na mavuno yaliyopotea.

Rudi ofisini kwao baada ya Nanenane. Mwandikie mkuu wa kituo barua rasmi, ipite kwa mkuu wako wa idara, ueleze ulichosikia na uombe kikao. Kikao kikiisha vizuri, omba barua ya ushirikiano. Barua nyingi za aina hii zimejaa heshima na hazina kitu ndani: "taasisi yetu inaunga mkono juhudi hizi." Yako iseme watakachotoa: shamba la majaribio, mtaalamu wa magonjwa ya mimea kwa siku kadhaa kila mwezi, kumbukumbu za misimu iliyopita. Na iseme watakachofanya na matokeo. Barua ya namna hiyo ina uzito kuliko kurasa kumi za mapitio ya machapisho.

Ukiwa mtu wa sayansi ya maji au ya dunia, usiende mbali. Jiji hili limetegemea visima vya bonde la Makutupora, eneo la Mzakwe, kwa miongo mingi, na kiwango cha maji ya chini ya ardhi hapo kimefuatiliwa tangu zamani. Mfululizo mrefu kama huo wa vipimo ni adimu katika maeneo makavu ya Afrika. Mtu wa takwimu na modeli anayelalamika kwamba hana data huku anakunywa maji ya Mzakwe hajauliza.

Hatua ya 4: Andika andiko

Soma wito mara mbili. Ya kwanza ujue unaomba nini, ya pili uandike pembeni kila sharti: ukomo wa fedha, idadi ya kurasa, sifa za mtafiti mkuu, kama mwanamke au mtafiti kijana lazima awemo kwenye timu, kama taasisi mbili zinatakiwa. Andiko linalokosa sharti moja huondolewa kabla halijasomwa, na hakuna wa kumlaumu.

Kisha jiulize kwa ukweli: huu ni utafiti, au ni kutengeneza programu? Watu wa kompyuta tunajikwaa hapa kuliko wengine wote. "Kutengeneza mfumo wa kusimamia taarifa za wakulima" ni kazi nzuri, ila ni ya mkandarasi. Utafiti una swali ambalo jibu lake halijulikani leo, na ambalo hata likija "hapana" tutakuwa tumejifunza kitu.

Kwa mfano wa zabibu, andiko dhaifu linaanza hivi: "Akili unde imeleta mapinduzi makubwa duniani katika sekta mbalimbali, ikiwemo kilimo." Mpitiaji ameshasoma sentensi hiyo kwenye maandiko mengine ya siku hiyo. Andiko imara linaanza: "Mkulima wa zabibu Dodoma hana njia ya haraka ya kutofautisha ubwiri unga na ubwiri vinyoya, na tiba zake si zilezile." Swali la utafiti linafuata: je, modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, iliyofundishwa kwa picha za majani ya mavuno ya kiangazi inaweza kutambua magonjwa hayo kwenye picha za masika, zilizopigwa kwa simu ya bei nafuu, mahali pasipo na intaneti? Hilo halina jibu bado kwa mashamba yetu, na linajibika ndani ya miezi kumi na minane.

Baada ya swali, mbinu. Eleza ni mashamba mangapi, ni nani atathibitisha kwamba ugonjwa kwenye picha ni ule uliouandika, na utapima mafanikio kwa kipimo gani. Wengi wanataja jina la modeli kwa fahari na kusahau mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Bila yeye, picha elfu kumi ni picha tu.

Wito mwingi utakudai bangokitita. Usiogope jina. Ni jedwali linaloonyesha lengo, matokeo, shughuli, viashiria na namna ya kuvithibitisha. Lijaze kabla hujaandika maelezo marefu, na utagundua mapema shughuli ambazo hazina kazi.

Unganisha wazo na mipango ya nchi kwa aya moja, isizidi. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa hapa Dodoma Julai 2025, imeipa sayansi, teknolojia na mageuzi ya kidijitali nafasi kubwa. Agenda ya utafiti ya taifa na Mkakati wa Taifa wa Uchumi wa Kidijitali 2024–2034 zinafaa pia. Taja kifungu kinachohusika hasa. Kumwaga majina ya sera zote kunaonyesha hukuzisoma.

Wala usiandike kwa haya, kana kwamba unaomba sadaka. Mtandao wa ARPANET, uliozaa intaneti, ulianza 1969 kwa fedha za wizara ya ulinzi ya Marekani. Wavuti ilibuniwa 1989 pale CERN, taasisi inayolipiwa na serikali za nchi wanachama. Hakuna mfanyabiashara aliyekuwa tayari kusubiri miaka yote ile. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga walau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo, na kila andiko zuri linalotoka Dodoma ni hoja ya kuwakumbusha wakubwa ahadi hiyo.

Hatua ya 5: Panga bajeti inayoweza kutetewa

Tuseme wito unaruhusu shilingi milioni 60. Mgawanyo wa mfano wa zabibu ungeweza kuwa hivi: kazi ya uwandani milioni 22, vifaa milioni 14, kompyuta za wingu (za kukodi kupitia intaneti) na vifurushi vya data milioni 6, warsha na mrejesho kwa wakulima milioni 5, uchapishaji na hakimiliki milioni 5, ufuatiliaji na tathmini milioni 4, na gharama za usimamizi za taasisi milioni 4. Tarakimu ni za mfano. Angalia mpangilio: fedha nyingi ziko shambani, kwa sababu swali liko shambani.

Sasa ichambue milioni 22. Andika siku ngapi, watu wangapi, wa cheo gani, kwa kiwango gani. Posho ya kujikimu kwa watumishi wa umma ina viwango vilivyowekwa kwa waraka wa Serikali. Ukiandika kiwango chako cha kubuni, mkaguzi atakikata. Mafuta yaandike kwa kilomita: mjini hadi Hombolo, kwenda na kurudi, mara ngapi. Afisa ugani na wakulima wanaotoa muda wao wawemo pia. Inauma kuona andiko lenye kompyuta mpakato nne na mkulima aliyetengewa soda.

Kwenye vifaa, eleza kila kimoja kwa lugha ya kazi. Kompyuta yenye kichakata michoro inaonekana kama anasa ya michezo kwa mhasibu. Andika kwamba bila kifaa hicho kufundisha modeli kutachukua majuma badala ya siku, na kwamba baada ya mradi itabaki maabara ya idara kwa matumizi ya wanafunzi. Simu za kupigia picha ziwe za aina wanayotumia wakulima wenyewe, vinginevyo matokeo yako yatakuwa ya simu ambayo hakuna mtu kijijini anayo. Weka betri za akiba na kifaa cha kulinda mashine umeme unapokatika.

Kompyuta za wingu hulipiwa kwa dola, na mara nyingi kwa kadi, wakati taasisi ya umma hulipa kwa mfumo wake. Zungumza na mhasibu kabla hujaandika kifungu hicho. Muulize italipwaje, kwa jina la nani, na risiti itaonekanaje. Kama hakuna njia safi, ni heri kununua mashine ya kukaa ofisini. Nimeona kipengele hiki peke yake kikisimamisha kazi za watu wazuri.

Hatua ya 6: Vibali

Vianze siku unapoanza kuandika, kwa sababu vinakula muda.

Utafiti unaogusa afya ya binadamu unahitaji kibali cha maadili, na ngazi ya taifa ni NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Vyuo vingi vina kamati zao kwa tafiti nyingine. Mtafiti wa nje ya nchi, pamoja na mwenzake Mtanzania, hupitia kibali cha utafiti cha COSTECH. Kwa kwenda kijijini, mlolongo ni ule wa siku zote: barua ya utambulisho ya taasisi yako kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo wilayani na kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji au mtaa. Beba nakala zilizogongwa mhuri kila unakokwenda, na pita kwa mtendaji kwanza hata kama mkulima ni rafiki yako. Mgeni anayepiga picha mashambani bila kupita ofisini huzua maneno, na maneno hayo atayalipia mkulima baada ya wewe kuondoka.

Watu wa data wana sharti la ziada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Majina, namba za simu, sauti na picha za nyuso ni taarifa binafsi. Kuzipeleka kwenye seva iliyo nje ya nchi kuna masharti yake. Andika ndani ya andiko utazihifadhi wapi, nani atazifikia, lini utazifuta. Na fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Bora zaidi uwe na mtu wa kuieleza kwa Kigogo au Kirangi pale mzee anapokutazama tu bila kujibu.

Kama takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu zinakutosha, zitumie hizo. Sensa ya 2022 imeupa Mkoa wa Dodoma watu 3,085,625, na NBS hutoa machapisho yenye mchanganuo wa chini zaidi ya hapo. Usikusanye upya kilichokwishakusanywa.

Hatua ya 7: Wasilisha, kisha subiri kwa akili

Andiko la mtumishi wa umma haliendi na jina lake peke yake. Linapita kwa mkuu wa idara, ndaki (kitivo kikubwa cha chuo), hadi kurugenzi ya utafiti, na linahitaji saini ya mwenye mamlaka. Siku tano kabla ya ukomo, mwenye mamlaka atakuwa safarini. Panga ukomo wako uwe majuma mawili kabla ya ule wa wito. Kama uwasilishaji ni wa mtandaoni, fungua akaunti mapema, pandisha nyaraka mchana wa siku ya kawaida, na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho.

Kabla ya kutuma, wape watu wawili wasome. Mmoja wa fani yako, akutafutie makosa. Mwingine asiyeijua kabisa: mhasibu, mwalimu wa historia, binamu yako aliyeko halmashauri. Huyu wa pili akishindwa kukueleza kwa maneno yake unataka kufanya nini, rudi kwenye ukurasa wa kwanza.

Ukikataliwa, andika barua ya heshima kuomba maoni ya wapitiaji. Yakija, yasome siku mbili baadaye, hasira ikiwa imeshuka. Kisha litumie andiko hilohilo kwa mlango mwingine wa hatua ya kwanza. Sehemu ya tatizo na barua ya mshirika hazichachi kwa miezi michache.

Hatua ya 8: Fedha zikiingia

Hapa utafiti mzuri unaweza kuzaa hoja ya ukaguzi, kwa hiyo nisikilize.

Siku ya kwanza, keti na mhasibu, afisa ununuzi na mkaguzi wa ndani, uwape mpango kazi. Ununuzi wa umma siku hizi unapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa kielektroniki wa Serikali, ulioanza kutumika 2023. Duka unalolijua mjini haliwezi kukuuzia kompyuta za mradi kama halimo kwenye mfumo. Vifaa vinachukua muda kufika, basi anza navyo.

Ukichukua masurufu, yaani fedha za kazi unazopewa mkononi mapema, yarejeshe kwa hesabu ndani ya muda uliowekwa. Kila safari iwe na bahasha yake: hati ya idhini, orodha ya mahudhurio yenye saini, risiti za EFD za mafuta, ripoti ya ukurasa mmoja. Andika ripoti hiyo usiku uleule mkiwa bado nyumba ya wageni. Masurufu yasiyorejeshwa humzuia mtafiti kupewa mengine, na kazi inasimama katikati ya msimu.

Ikaribiapo 30 Juni, jua kila shilingi iko wapi. Fedha za fungu zisizotumika kwa kawaida hurudi Mfuko Mkuu. Ruzuku za miradi zina masharti yake, yasome kwenye mkataba. Ukiona shughuli itavuka, omba mabadiliko kwa maandishi Aprili, wala usisubiri Juni.

Weka kumbukumbu za hakimiliki mapema. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 1999, na ofisi yake ni COSOTA. Hataza, yaani haki za uvumbuzi, za Tanzania Bara zinashughulikiwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Mkubaliane kwa maandishi, kabla ya matokeo, nini ni cha chuo, nini ni cha mshirika na nini kitawekwa huru kwa wote. Mimi napendelea data zilizolipiwa na umma ziwe huru, zikiwa zimeondolewa taarifa binafsi, ili mwanafunzi wa mwakani asianze upya kupiga picha za majani yaleyale.

Ripoti ya mwisho itakuwa ya Kiingereza, na makala yako pia, huenda. Andika na kurasa nne za Kiswahili, zenye picha za majani yenyewe na maelezo ya nini cha kupuliza na lini. Chapisha nakala za kutosha kwa fedha ulizotenga kwenye kifungu cha mrejesho, upeleke nakala halmashauri na kwa kila mtendaji wa kata aliyekugongea mhuri, kisha omba nusu saa kwenye mkutano wa kijiji uwasomee waliokupa mashamba yao walichokusaidia kukipata.